Athari za Upimaji wa Uzingatiaji wa Kiwango katika Utengenezaji wa Kompaila: Mfano wa Lugha ya Ada

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna upimaji wa uzingatiaji wa kiwango unavyoathiri utengenezaji wa kompaila za lugha za programu. Mfano mkuu ni lugha ya Ada, ambayo kompaila zake zilipimwa kwa utaratibu rasmi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mifano ya COBOL, Pascal, Java na C inatumika kwa kulinganisha. Hoja kuu ni kwamba majaribio ya kiwango hayapimi tu kompaila iliyokwisha kutengenezwa, bali huiumba: huamua maswali ambayo watengenezaji watayashughulikia mapema, yale watakayoyaahirisha, na nani mwenye haki ya kutumia jina la lugha. Makala inahitimisha kuwa cheti cha kufaulu ni ushahidi wa majibu kwa maswali yaliyoulizwa tu, na kwamba thamani ya kudumu ya majaribio hayo imo katika matumizi yake ya kila siku kuliko katika cheti chenyewe.

1.0 Utangulizi

Kompaila ni programu inayosoma msimbo ulioandikwa na binadamu katika lugha ya programu na kuugeuza kuwa maagizo yanayoweza kutekelezwa na mashine. Mwandishi wa programu huitegemea bila kuiona. Akiandika kwamba kibadilika fulani kipokee jumla ya namba mbili, huamini kwamba mashine itajumlisha namba hizo na si vinginevyo. Imani hiyo hujengwa juu ya mambo mawili: kwamba kuna maandishi yanayoeleza maana ya kila kipengele cha lugha, na kwamba kompaila imeyafuata maandishi hayo. Jambo la kwanza ndilo kiwango cha lugha. Jambo la pili ndilo linalochunguzwa na upimaji wa uzingatiaji wa kiwango.

Katika makala hii, upimaji wa uzingatiaji wa kiwango una maana ya kuipa kompaila mkusanyiko wa programu ndogondogo zilizotungwa kwa kufuata vifungu vya kiwango, kisha kulinganisha matokeo yake na yale yanayotakiwa na vifungu hivyo. Upimaji huu unatofautiana na upimaji wa kasi, ambao huuliza kompaila inafanya kazi haraka kiasi gani. Unatofautiana pia na uthibitisho wa kihisabati, ambao hulenga kuonyesha kwamba kompaila ni sahihi kwa kila programu inayoweza kuandikwa.

Suala hili si la watengenezaji wa kompaila peke yao. Taasisi inayonunua kompaila ili iandikie programu za ndege, benki au hospitali hukabidhiwa cheti. Inapaswa kujua cheti hicho kinaahidi nini, na zaidi ya hapo, kisichoahidi nini.

2.0 Chimbuko la Upimaji

Haja ya upimaji ilitokana na tatizo la lahaja. Katika miongo ya mwanzo ya kompyuta, kila kampuni iliyouza mashine iliuza pia kompaila yake, na kila kompaila iliongeza au kupunguza jambo fulani katika lugha. Programu iliyofanya kazi katika mashine moja ilikataliwa katika nyingine, au mbaya zaidi, ilikubaliwa na kutoa majibu tofauti.

Lugha ya COBOL ilibuniwa ili kukabiliana na hali hiyo. Mnamo Desemba 1960, programu ya COBOL iliendeshwa katika mashine mbili za kampuni tofauti, RCA 501 na UNIVAC II, ili kuonyesha kwamba jambo hilo lawezekana. Hata hivyo, onyesho la mara moja halikutosha. Baada ya kiwango cha kitaifa cha Marekani cha COBOL kutolewa mwaka 1968, lilibaki swali la nani atahakikisha kwamba kinafuatwa. Grace Hopper, aliyeongoza kikundi cha lugha za programu katika Jeshi la Majini la Marekani kuanzia mwaka 1967, alisimamia uandaaji wa programu za kupima kompaila za COBOL zilizokuwa zikitumiwa na jeshi hilo. Kazi hiyo ilifungua njia kwa utaratibu mpana zaidi wa serikali ya Marekani wa kupima kompaila kabla ya kuzinunua.

Upande wa taaluma, Donald Knuth alichapisha mwaka 1964 programu fupi ya ALGOL 60 iliyokusudiwa kutenganisha kompaila zilizotekeleza barabara sehemu za programu zinazojiita zenyewe na zile zilizoshindwa. Programu hiyo ilikuwa ngumu kufuatilia kwa mkono kiasi kwamba jibu alilolikisia Knuth mwenyewe, yaani hasi 121, halikuwa sahihi. Jibu sahihi ni hasi 67. Tukio hili linadokeza jambo litakalorejewa hapa chini: jaribio nalo ni programu, na linaweza kukosewa.

Hatua nyingine ilipigwa na Brian Wichmann wa Uingereza na Arthur Sale wa Australia, walioandaa mkusanyiko wa majaribio ya Pascal mwishoni mwa miaka ya 1970. Mchango wao mkubwa ulikuwa uainishaji. Yalikuwapo majaribio ya programu sahihi ambazo kompaila yapaswa kuzikubali; majaribio ya programu zinazokiuka kiwango ambazo yapaswa kuzikataa; majaribio ya makosa yanayotokea wakati programu inaendeshwa; majaribio ya mambo ambayo kiwango kimemwachia mtengenezaji ayaamue; na majaribio ya ubora. Uainishaji huu ulibainisha kwamba kompaila inayokubali kila kitu haifai zaidi ya ile inayokataa kila kitu.

3.0 Lugha ya Ada na Muundo wa Majaribio Yake

Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliunda kikundi kazi mwaka 1975 ili kutafuta lugha moja ya kuchukua nafasi ya lugha na lahaja nyingi zilizokuwa zikitumika katika miradi yake. Pendekezo lililoshinda, mwaka 1979, lilitoka Ufaransa kwa kikundi kilichoongozwa na Jean Ichbiah. Lugha hiyo iliitwa Ada kwa heshima ya Ada Lovelace, na kiwango chake cha kijeshi kilipewa namba 1815, mwaka aliozaliwa. Toleo lililokubaliwa pia kuwa kiwango cha kitaifa lilitoka mwaka 1983.

Tofauti na lugha zilizotangulia, Ada ilipangiwa majaribio kabla haijapata kompaila. Mkusanyiko wa majaribio hayo, uliojulikana kwa kifupi kama ACVC, uliandaliwa katika kampuni ya SofTech chini ya uongozi wa John Goodenough wakati kiwango chenyewe kikiendelea kurekebishwa. Aidha, Wizara ilisajili jina la Ada kuwa alama ya biashara. Sera yake ilikuwa kwamba hapatakuwa na Ada pungufu wala Ada ya ziada: kompaila ambayo haikufaulu majaribio haikuruhusiwa kujinadi kwa jina hilo. Alama hiyo iliachwa mwaka 1987, na nafasi yake ikachukuliwa na alama ya uidhinishaji.

Majaribio yaligawanywa katika madaraja yanayotambulishwa kwa herufi. Manne kati yake yanatosha kuonyesha mantiki ya mfumo mzima:

(a) Daraja B lina programu zenye makosa ya makusudi. Kila mstari wenye kosa umewekewa alama, na kompaila inatakiwa kuyagundua makosa yote bila kulalamikia mistari iliyo sahihi.

(b) Daraja C lina programu sahihi zinazoendeshwa na kujipima zenyewe. Mwishoni hutangaza kwamba zimefaulu, zimeshindwa, au hazihusiki na kompaila inayopimwa.

(c) Daraja D hupima uwezo wa kompaila wa kukokotoa kwa usahihi namba kubwa mno.

(d) Daraja L hupima makosa yanayopaswa kugunduliwa sehemu mbalimbali za programu zinapounganishwa, kabla programu haijaanza kufanya kazi.

Mfano wa Daraja C utafafanua zaidi. Ada humruhusu mwandishi kutangaza kwamba kibadilika kinapokea namba kuanzia 1 hadi 10 tu. Programu ikijaribu kukipa 11, kiwango kinataka itolewe taarifa ya ukiukaji wakati huohuo, badala ya kuiacha namba hiyo ipite. Jaribio hufanya ukiukaji huo kwa makusudi, kisha hutazama kama taarifa imetolewa. Hata hivyo, mtungaji akiandika 11 waziwazi, kompaila yenye werevu italiona kosa mapema, na ulinzi uliokusudiwa kupimwa hautaguswa. Kwa sababu hiyo, majaribio hutumia kitendakazi maalumu kinachopokea namba na kuirudisha kama ilivyo, lakini kilichoandikwa kwa namna ya kuizuia kompaila isiitambue thamani yake kabla ya wakati. Kwa hiyo, mtungaji wa jaribio hana budi kufikiri kama mtengenezaji wa kompaila ili asipitwe naye.

4.0 Athari kwa Watengenezaji wa Kompaila

4.1 Kubainika kwa maana ya kiwango

Kiwango huandikwa kwa lugha ya binadamu, na lugha ya binadamu haikosi utata. Wasomaji wawili makini wanaweza kukielewa kifungu kimoja kwa namna mbili. Maadamu kifungu kinabaki karatasini, tofauti hiyo yaweza kukaa miaka bila kujulikana. Jaribio huilazimisha ijitokeze, kwa kuwa programu hutoa jibu moja, nalo ama linakubalika ama halikubaliki.

Katika mfumo wa Ada, mtengenezaji aliyeshindwa jaribio alikuwa na haki ya kulipinga. Hoja yake ilipokubalika, jaribio liliondolewa katika mkusanyiko. Na pale tatizo lilipokuwa katika kiwango chenyewe, swali lilipelekwa kwa wataalamu wa lugha ili walitolee tafsiri. Hivyo, athari ilikuwa ya pande mbili: kiwango kilipima kompaila, na kompaila, kupitia mapingamizi ya waliozitengeneza, zilikipima kiwango. Masahihisho ya aina hiyo yalisaidia kuandaa toleo la mwaka 1995.

4.2 Usanifu wa sehemu ya kugundua makosa

Athari ya pili inaonekana katika umbo la kompaila. Kompaila inayosimama kwenye kosa la kwanza haiwezi kufaulu vyema Daraja B, kwa sababu faili moja lina makosa mengi na yote yanatakiwa kutajwa. Mtengenezaji hulazimika kubuni mbinu za kuendelea kusoma baada ya kosa bila kuchanganyikiwa na kuanza kuwatuhumu wasio na hatia. Utaratibu uliruhusu faili la jaribio ligawanywe pale kosa moja lilipoficha jingine, lakini kila mgawanyo ulihitaji kuelezwa na kukubaliwa. Mwandishi wa kawaida wa programu alinufaika na kazi hii bila kujua chanzo chake, kwani alipata orodha kamili ya makosa yake kwa mara moja.

4.3 Mpangilio wa vipaumbele

Athari ya tatu inafanana na ile inayojulikana na kila mwalimu, yaani kufundisha kwa ajili ya mtihani. Cheti kikiwa sharti la kuingia sokoni, nguvu za mtengenezaji huelekezwa kwanza kwenye yale yanayopimwa. Yasiyopimwa husubiri.

Utekelezaji wa kwanza kabisa wa Ada kuidhinishwa, mnamo Aprili 1983, ulikuwa Ada/Ed wa Chuo Kikuu cha New York. Uliandikwa katika lugha ya SETL, iliyojengwa juu ya dhana za seti za hisabati, kwa lengo la kufafanua maana ya lugha. Ulikuwa wa polepole mno, na waliouandika hawakuukusudia kwa kazi za uzalishaji. Hata hivyo, ulistahili cheti, kwa sababu majaribio yaliuliza kama majibu ni sahihi, hayakuuliza yamepatikana kwa muda gani. Kufaulu kwake kulithibitisha kwamba lugha yatekelezeka, na papo hapo kukadhihirisha kwamba uidhinishaji na ufaafu ni mambo mawili.

Kasoro hiyo ilitambuliwa. Mkusanyiko mwingine, ulioitwa ACEC, ulitayarishwa ili kutathmini kasi ya kompaila, ukubwa wa msimbo inaouzalisha na mambo mengine ya ubora. Kuwapo kwa mikusanyiko miwili ni ukiri kwamba mmoja peke yake haukumtosheleza mnunuzi.

4.4 Umiliki wa majaribio na uhuru wa watekelezaji

Athari ya nne inahusu mamlaka. Anayemiliki majaribio humiliki mlango wa kuingilia. Katika Ada mmiliki alikuwa serikali, na majaribio yalipatikana kwa umma. Katika Java, majaribio ya utangamano yalimilikiwa na kampuni ya Sun, na mtekelezaji alihitaji leseni ili ayatumie.

Shirika la Apache lilianzisha mradi wa Harmony kwa nia ya kutengeneza Java huria. Mnamo Aprili 2007, liliandika barua ya wazi kwa Sun kulalamika kwamba leseni iliyotolewa kwa ajili ya majaribio ingewawekea watumiaji mipaka ya mahali pa kuitumia programu, jambo lisilopatana na leseni za programu huria. Mgogoro haukutatuliwa. Apache ilijitoa katika kamati tendaji ya Java mwezi Desemba 2010, na Harmony ikafungwa mwaka 2011. Katika hali hii, kilichokwamisha utambuzi rasmi hakikuwa kushindwa majaribio, bali masharti ya kuyafikia. Kwa hiyo, mtafiti anayechunguza ulinganifu wa kompaila hawezi kuishia kwenye maudhui ya majaribio. Hana budi kuchunguza pia leseni yake.

5.0 Mipaka ya Upimaji

Mipaka mitatu inastahili kutajwa.

Mpaka wa kwanza ni wa kimantiki. Idadi ya programu zinazoweza kuandikwa haina kikomo, ilhali majaribio yana kikomo. Kufaulu kunaonyesha kwamba hitilafu hazikupatikana katika sehemu zilizoguswa; hakuonyeshi kwamba hazimo kwingineko.

Mpaka wa pili unatokana na muundo wa majaribio yenyewe. Yanatungwa kwa kufuata vifungu vya kiwango, kimoja baada ya kingine, na hivyo huwa mafupi na yenye lengo moja. Hitilafu nyingi za kompaila za kisasa hukaa katika hatua za kuboresha msimbo, ambako vipengele vingi hukutana kwa namna ambayo hakuna kifungu kinachoitaja. Xuejun Yang na wenzake walionyesha jambo hili kwa lugha ya C mwaka 2011. Chombo chao, Csmith, kilitunga programu kwa kubahatisha na kulinganisha majibu ya kompaila mbalimbali. Katika miaka mitatu waliripoti hitilafu zaidi ya 325, na kila kompaila waliyoijaribu ilipatikana na hitilafu. Kompaila ya CompCert, iliyothibitishwa kihisabati, haikukutwa na kosa la kuzalisha msimbo usio sahihi katika sehemu zake zilizothibitishwa. Makosa yaliyopatikana yalikuwa katika sehemu ambazo uthibitisho haukuzifikia. Matokeo hayo hayabatilishi majaribio ya kiwango. Yanaonyesha kwamba mbinu hizi tatu zinajibu maswali tofauti.

Mpaka wa tatu ni wa mamlaka ya jaribio nje ya kompaila. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliharibika sekunde chache baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake, iliyoandikwa kwa Ada na kurithiwa kutoka Ariane 4, ilijaribu kugeuza namba ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, nayo haikutosha humo. Bodi ya uchunguzi ilitaja chanzo kuwa katika maelezo na usanifu wa programu; tatizo halikuwa la kompaila. Kompaila inayozingatia kiwango hutekeleza kwa uaminifu kile kilichoandikwa, likiwamo kosa la mwandishi. Mnunuzi anayekichukulia cheti cha kompaila kuwa cheti cha programu anakitwika mzigo usio wake.

6.0 Baada ya Cheti

Sharti la kutumia Ada katika miradi ya Wizara ya Ulinzi liliondolewa mwaka 1997, na ofisi iliyosimamia lugha hiyo ikafungwa mwaka uliofuata. Mtu angetarajia majaribio nayo yafifie, lakini hayakufifia. Yaliendelezwa kwa jina jipya, ACATS, na utaratibu wake ukawekwa katika kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 18009 cha mwaka 1999. Yamejumuishwa pia katika mradi huria wa GCC, ambamo huendeshwa ili kuhakikisha kwamba badiliko jipya halijavunja kilichokuwa kikifanya kazi.

Mabadiliko haya ni muhimu. Hapo awali jaribio lilikuwa mtihani wa mwisho, unaofanywa mbele ya mtahini kwa ajili ya cheti chenye muda maalumu. Sasa limekuwa kipimo cha kila siku mikononi mwa mtengenezaji mwenyewe. Lugha ya JavaScript imepiga hatua zaidi: katika utaratibu wa kamati yake, pendekezo haliingizwi katika kiwango mpaka liwe na majaribio ndani ya mkusanyiko wa Test262 na utekelezaji usiopungua miwili unaoyafaulu. Hapo jaribio halifuati kiwango tena, bali huandamana nacho tangu kinapoandikwa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba upimaji wa uzingatiaji wa kiwango huathiri kompaila kwa njia nne: hubainisha maana ya kiwango, hubadilisha usanifu wa kompaila, hupanga vipaumbele vya watengenezaji, na hugawa mamlaka kati ya wamiliki wa majaribio na watekelezaji. Imeonyesha pia kwamba upimaji huo haugusi kasi, hauzifikii ipasavyo hitilafu za uboreshaji wa msimbo, wala haumkingi mwandishi wa programu na makosa yake mwenyewe.

Kutokana na hayo, taasisi inayonunua kompaila kwa kazi nyeti inashauriwa kuuliza maswali matatu kabla ya kukipokea cheti. Kwanza, ni toleo lipi la majaribio lililotumika, na kwa mashine ipi? Pili, ni majaribio yapi yaliyohesabiwa kuwa hayahusiki, na kwa sababu gani? Tatu, je, majaribio yaliendeshwa uboreshaji wa msimbo ukiwa umewashwa, kwa mpangilio uleule ambao programu halisi itatumia? Cheti kisichoweza kuyajibu maswali haya kinathibitisha kwamba upimaji ulifanyika, lakini hakimwambii mnunuzi kama kilichopimwa ndicho atakachokitumia.